Beringi ya Kushoto

Gurudumu lilimpita dada yangu yeye akiwa bado ameshika usukani. Alilitambua kwa rimu yake nyeupe, maana rimu zile alizipaka rangi mumewe mwenyewe, na anasema alipata hata nafasi ya kujiuliza, la nani hilo? Kisha nyuma ya pikapu ikaketi barabarani na kuanza kuchora mstari kwenye lami. Ilikuwa mteremkoni, mwendo wa pole, asubuhi kweupe. Gurudumu liliendelea peke yake likiyumba kama mlevi, kwa sababu shafti yake ndefu ilikuwa imechomoka nalo, likaenda kugonga ukuta wa kinyozi na kulala hapo. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, mteja wake nyuma yake akiwa amenyolewa nusu kichwa. Hakuna aliyeumia.

Hiyo ilikuwa beringi ya tatu katika miaka miwili. Zote za nyuma, zote za kushoto, na zote tatu nilizifunga mimi kwa mikono yangu hii.

Mimi ni fundi magari. Wapo wanaoniita fundi mwanamke, nami huwajibu kwamba spana haijui sketi. Nina gereji yangu ya bati kando ya karakana ya mchomeleaji tunayemwita Cheche, na jina langu zuri nimelijenga miaka ishirini. Hasira pia ninayo, sitaki kudanganya mtu. Kwa hiyo pikapu ilipofikishwa kwangu Jumanne ikivutwa kwa mnyororo, na dada akija nyuma yake kwa miguu, nilijua siku hiyo hapatatosha.

"Mara ya kwanza nikasema ni bahati mbaya," dada alianza, hata salamu hakutoa. "Mara ya pili mume wangu akasema twende kwa fundi mwingine. Nikamwambia, huyu mdogo wangu, tumelala kitanda kimoja, hawezi kunifanyia kazi mbovu. Sasa jana gurudumu limenipita naliona! Umeniwekea nini humo?"

"Beringi mpya, dada. Nimeitoa kwenye boksi mbele ya mumeo."

"Basi mikono yako ndiyo mibovu. Gari hili lilikaa miaka kumi na mbili bila kula hata beringi moja, mpaka siku ulipoligusa."

Nilifungua mdomo kujibu, yeye akaninyooshea kidole kama alivyokuwa akifanya nikiwa na miaka saba. Akasema Jumamosi saa nne kuna fundi kutoka upande wa pili wa mji anakuja kuivuta pikapu. Akasema pia nisikanyage kwake mpaka aniite mwenyewe. Dada amenizidi miaka sita. Ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenifundisha kusoma, na sijawahi kukaa wiki nzima bila kula kwake. Aligeuka akaondoka. Nikarusha spana, ikapiga bati la ukuta kwa kishindo kikubwa.

"Fundi," Cheche akaita kutoka upande wa pili, "bati limekukosea nini?"

Hasira yangu ina tabia moja: ikipoa kidogo tu, inageuka kuwa udadisi, na udadisi wangu ni mbaya kuliko hasira. Nikiwa na miaka tisa niliifungua saa ya ukutani ya baba, kwa sababu kila wiki ilikuwa inachelewa dakika nne na mimi nilitaka kujua dakika hizo zinakwenda wapi. Niliirudisha yote vizuri, ila nikabaki na gia moja mkononi isiyo na pa kwenda, na saa haikulia tena. Baba alipouliza, kabla sijafumbua mdomo, dada akasema, "Mimi ndiye niliyeiangusha." Alikatazwa kutoka nje wiki mbili. Gia ile ninayo mpaka leo, kwenye kopo ninamoweka vitu vyote vilivyokufa mikononi mwangu.

Kopo hilo ndilo nililolifungua Jumanne mchana. Beringi mbili za zamani zilikuwa humo, nimezifunga kwa waya; ya tatu, au kilichobaki cha hiyo ya tatu, niliibandua kwenye shafti. Cheche akanipasulia zote kwa mashine yake ya kukatia vyuma. Tukazipanga juu ya gazeti.

"Hizi zimeungua," alisema Cheche. Gololi zilikuwa za buluu kwa moto.

"Naona. Nusa."

Alinusa, akakunja uso. Kwenye beringi unatakiwa kukuta grisi, nzito na ya njano. Humu mlikuwa na uchafu mweusi, mwepesi, unaonuka oili ya difu. Harufu ya oili ile huwezi kuikosea. Ukiishika leo utaisikia kesho kwenye chai. Nikaenda upande wa kulia wa gari, nikachomoa na beringi ya huko ambayo haijawahi kusumbua. Grisi yake ilikuwa laini kama siagi. Nilikaa chini nikiwa nimeishika, nikiangalia huku na huku kati ya ile nzima na zile maiti tatu.

Kwa asiyejua, mambo ni hivi. Ekseli ya nyuma ni bomba kubwa la chuma lililolala toka gurudumu hili mpaka lile. Katikati pana uvimbe, ndiyo difu, na humo oili inakaa. Kila mwisho wa bomba kuna pete ya mpira iitwayo sili, kazi yake ni kumwambia oili: mwisho wako hapa. Nje ya sili ndipo beringi inapokaa na grisi yake kwa amani. Sasa upande wa kushoto oili ilikuwa imevuka mpaka, ikaosha grisi, beringi ikabaki kavu na kuungua. Lakini sili nayo nilikuwa nikibadilisha kila mara, mpya. Kwa nini ivujishe? Na kwa nini kushoto tu?

Jumatano sikugusa gari la mtu mwingine. Wateja wawili walinuna, nikawaacha wanune. Nilibeba kioo cha meza ya sebuleni kwangu mpaka gereji, nikaiviringisha shafti juu yake, kwa maana shafti iliyopinda hucheza na huitafuna sili. Ilikuwa imekwaruzika vibaya lakini imenyooka. Nikashuku bomba lenyewe. Nikavuta uzi toka mwisho mpaka mwisho, Cheche akishika upande mmoja ametulia kama mtu anayepimwa suruali. Uzi ulikaa sawa kabisa.

"Labda fundi wa upande wa pili ataona," alisema Cheche, na kabla sijatafuta kitu cha kumrushia alikuwa amekwisha rudi kwake.

Jambo la kushoto lilininyima raha. Alhamisi asubuhi nikaenda kuangalia mahali pikapu inapolala. Ndiyo, nilikatazwa kukanyaga. Lakini kuchungulia juu ya ukuta si kukanyaga. Nilisimama juu ya tofali mbili, nikaona uwanja, nikaona doa jeusi la oili, na ghafla nikasikia mtu nyuma yangu.

"Shemeji, unachungulia nini?"

Alikuwa mume wa dada. Ni mpaka rangi wa majumba, mtu mpole, sauti ya chini, kucha zake hazijawahi kuwa na rangi moja. Mitaani wanamwita Brashi. Nilimweleza. Aliangalia dirisha la nyumba, akaniangalia mimi, akanong'ona kama mwizi: "Mwenye nyumba, dada yako, yupo ndani. Ingia upesi."

Nililaza chupa tupu mahali pikapu inapoegeshwa. Ikaviringika yenyewe kwenda kushoto, kwenye mfereji. Nikairudisha, ikaviringika tena. Shemeji akajaribu yeye, akafurahi kweli, akajaribu mara ya tatu.

"Kwa hiyo usiku kucha oili inaegemea huku," nilisema.

"Ndiyo imeharibu?"

"Hapana. Imechagua upande tu. Sili nzima haiogopi kuegemewa. Kuna kitu kinaisukuma oili."

"Mimi chini ya gari nipo makini," alisema haraka, kama vile nimemshuku. "Kila miezi sita napaka rangi. Mwezi uliopita nimepaka tena. Si wewe uliyeniambia kutu ndiyo adui?"

"Vizuri, shemeji," nilimjibu, akili yangu ikiwa kwenye mfereji. Pazia la dirishani likasogea, nami nikatoka mbio, mtu mzima na heshima zangu.

Ijumaa niliijenga ekseli upya. Shafti nyingine niliitoa kwenye gari bovu la spea, nikabana beringi mpya na pete yake, sili mpya pande zote mbili, nikamimina oili mpaka kipimo. Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo mara tatu zote sikulifanya, maana mara tatu zote nilikabidhi gari likiwa baridi. Nilipakia vyuma vizito vya Cheche, nikapandisha na kuteremsha ule mlima wa kwa kinyozi saa nzima. Cheche alikuja kulinda mali yake. Alikaa nyuma, upande wa kulia, akasema kama ni kufa, afe upande wenye rekodi nzuri.

Tuliporudi ekseli ilikuwa ya moto, mkono haukai. Nikalala chini nikalegeza nati ya kujazia oili, taratibu, huku natega sikio.

*Fyuuu.*

Upepo ulitoka kwa nguvu, na oili ikanirukia mpaka kwenye nyusi. Cheche akacheka. Mimi nilikaa pale pale nikichuruzika, moyo unanidunda kwa furaha. Mle ndani mlikuwa na pumzi iliyofungiwa! Oili ikipata moto hewa inatanuka, inatafuta pa kutokea, na ikikosa inasukuma kile kilicho laini kuliko vyote, yaani sili. Ni sufuria iliyofunikwa na kuwekewa jiwe juu. Upande wa kushoto, ambako oili imeegemea, ndiko ilikotemwa.

Na ekseli haitakiwi kukosa pa kutokea hewa. Juu ya bomba, mahali macho hayafiki, kuna kijibomba kidogo kama kidole cha mtoto mchanga, kina kikofia kinachocheza. Tunakiita pua. Nilipitisha mkono juu nikakitafuta kile kikofia. Nikashika kinundu laini, cha mviringo, hakichezi hata kidogo. Nikamulika tochi. Kinundu kilikuwa cha buluu nzuri ya kung'aa.

Brashi na rangi zake!

Sitasahau nilivyofurahi, na leo naona aibu kwa furaha ile. Nilitoka chini ya gari kama nimefukuzwa na nyuki, nikampigia simu shemeji. "Kesho saa tatu njooni wewe na mkeo," nilimwambia. "Kabla fundi wenu hajafika. Nimemkamata mwuaji wa beringi." Aliuliza ni nani, nikamwambia atamwona mwenyewe, na nikakata simu nikicheka.

Kisha nikachukua kisu kikali na kurudi chini. Niliikata ile rangi kwa uangalifu, itoke nzima, kofia na vyote, ipate kuwa ushahidi. Ilitoka kama kizibo. Nikaipasua katikati, nikaisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa na mistari kama kitunguu. Ya juu buluu, aliyopaka mwezi uliopita alipomaliza zahanati. Chini yake kijani, geti la shule. Chini yake njano, duka la simu. Chini yake kahawia, ile milango ya ofisi iliyomchukua mwezi mzima. Mabaki ya kazi zake zote yalikuwa pale, miaka miwili ya kupenda gari lake. Nikahesabu tena kutoka juu, kwa raha, nikifika chini kabisa kwenye chuma cha kikofia chenyewe.

Ya chini kabisa ilikuwa ya kijivu.

Brashi hajawahi kutumia kijivu. Kijivu ni changu. Fundi aliyenilea kazini alinifundisha kwamba kazi iliyokwisha hupakwa kijivu, ili mwenye gari aone pameguswa na nani, na mpaka leo kopo la rangi hiyo liko kwenye rafu yangu na kila ekseli inayotoka hapa imevaa rangi hiyo. Miaka miwili na nusu iliyopita pikapu hii ilivunjika shafti kwa mzigo, nikaijenga ekseli nzima, nikaipaka. Magari ya wateja nafunga kwanza kitambaa kwenye pua, kisha napaka mara moja. Hili lilikuwa la dada. Niliona ni la nyumbani, kitambaa cha nini, nikalipaka mara tatu ling'ae. Kikofia kiligandishwa siku ile ile. Beringi ya kwanza ilikufa miezi michache baadaye. Shemeji alikuwa hajachovya brashi bado.

Nyani haoni kundule. Nililala pale chini muda mrefu, nikiwa na kisu mkono mmoja na kile kizibo mkono wa pili. Tabaka la kijivu lilikuwa jembamba kuliko ukucha. Kulikwangua ilikuwa kazi ya dakika moja, na zingebaki rangi nne, zote za Brashi, na dada angerudi kuwa dada yangu kesho yake saa tatu na nusu. Sitajifanya malaika. Nilikiweka kisu pale, ncha yake kwenye kijivu. Nikajiona tena na miaka tisa, gia mkononi, nimenyamaza. Nikakifunga kizibo kwenye kitambaa, nikaenda nyumbani, na usingizi sikuupata.

Jumamosi walikuja kabla ya saa tatu. Dada alisimama mlangoni, mkoba ameukumbatia, hakukaa. Cheche alikuwa ameacha kazi zake akijidai anatafuta kiberiti. Niliwaonyesha beringi zilizopasuliwa, nikawaeleza oili, sili, pumzi, na pua. Mwishowe nikafungua kitambaa juu ya meza.

Shemeji aliinama. Alizitambua rangi zake moja moja, midomo ikicheza bila sauti: zahanati, shule, duka, milango. Uso ukamshuka.

"Basi ni mimi," alisema. Akamgeukia mkewe. "Ni mimi, mama. Nilikuwa nalilinda gari, kumbe nakuchimbia kaburi."

Dada alimshika bega, akanitazama. Macho yake yalikuwa yamelainika, na mdomo ulikuwa tayari kuniomba radhi. Kosa lilikuwa limebebwa na mwingine, kama siku ile ya saa. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kazi ninayoijua tangu utoto.

"Shemeji, usiharakishe," nilisema. "Hesabu kutoka chini. Ya kwanza kabisa ni rangi gani?"

Aliinama tena. "Hii? Kijivu. Kijivu mimi sina."

Dada hakuinama. Aliangalia rafu, akaona kopo. Akaangalia ekseli ya gari jingine iliyoegemezwa ukutani, ya kijivu. Akaangalia hata miguu ya meza yangu. Cheche akapata kiberiti chake akaondoka.

"Ni yangu, dada. Niliiziba mimi siku ya kwanza. Ulichosema Jumanne ni kweli, gari lilikuwa zima mpaka nilipoligusa. Shemeji alipaka juu ya kosa langu tu."

Alikaa. Alikichukua kile kizibo, akakigeuza kwenye kiganja, akakisogeza karibu na macho kama anayetafuta tundu la sindano. Nilisubiri matusi na nilikuwa nimeyakubali.

"Sasa hivi inapumua?" aliuliza.

"Inapumua. Nimeweka kikofia kipya. Kinacheza, nenda kashike."

"Vyuma vya Cheche ulivipakia kweli? Mlimani?"

"Saa nzima jana. Na asubuhi hii tena, pua ikiwa wazi. Sili kavu kabisa."

Aliinuka, akanyoosha mkono kwangu. Nikampa funguo. Akamwambia mumewe abaki amsubiri fundi wa upande wa pili na amwombe samahani kwa usumbufu. Halafu akafungua mlango wa pikapu, akakaa, akaniangalia mimi niliyekuwa bado nimesimama kama kigingi.

"Panda," alisema. "Tunashuka ule mteremko. Wewe unakaa kushoto."

Nilipanda. Tulitoka polepole. Mwanzo wa mteremko alibadilisha gia, akashusha kioo cha upande wangu na wake, upepo ukaingia. Nilisikia matairi kwenye lami na si kingine. Ukuta wa kinyozi ukaja, na alama ya gurudumu ikiwa bado pale. Kinyozi alituona, akaingia ndani. Dada hakukanyaga breki.

"Hebu niambie," alisema tulipokwisha pita. "Ile saa ya baba. Kwa nini ilikuwa inachelewa?"

Zaidi ya miaka thelathini, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimweleza yote, tangu kifuniko cha nyuma mpaka ile gia iliyobaki, naye alikuwa anaitikia, ameinamisha kichwa, sikio moja kwangu na moja kwenye gurudumu la kushoto.